Mzee Dionisi na Chupa za Chumba cha Giza

Leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 1997, Mzee Dionisi Libenanga anastaafu. Ni miaka ishirini na miwili tangu aondoke kwao Uchindile kuja kufanya kazi katika maabara yetu ya maji hapa Ifakara. Mimi ni mbeba maji wake. Kwetu ni Bariadi, shule niliishia darasa la nne, na kazi hii imenichosha. Nimeambiwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa sababu ndiye niliyekaa naye zaidi katika chumba cha giza.

Chumba hicho ni cha kujua kama dawa ikimwagwa majini italiwa au itabaki. Maji ya mto yana vijidudu visivyoonekana ambavyo hula uchafu. Tunayatia kwenye chupa pamoja na dawa kidogo, tunafunga, tunaweka gizani wiki nne. Vijidudu vikila huvuta hewa, na maji ya kwenye mrija wa kioo hupanda polepole, bila mkono wa mtu. Chupa ya pili hutiwa chakula chepesi, tujue kama vijidudu ni vizima. Ukimulika kwa tochi na kuona mirija inapanda, unahisi umeingia chumba wanamolala watu.

Amira, anayefagia, haingii bila kusalimia. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Shikamooni humo ndani." Mzee, aliyekuwa amechuchumaa gizani, akajibu, "Marahaba, wote wazima." Ndoo ilibaki mlangoni. Amira tulimkuta sokoni.

Mwezi wa nne kampuni moja ilileta dawa ya magugu ya mpunga, ikitaka kibali cha bonde zima. Binti wa Mzee, Digna, ameolewa Malinyi, na maji yanayopita mashambani mwao ndiyo wanayokunywa na kuvulia kambale.

Chupa ya dawa ilianza kupanda siku ile ile, sambamba na ya chakula. Kwa kawaida dawa ngeni hukaa siku kadhaa kabla ya kuguswa. Hii ilipokewa kana kwamba ilikuwa inasubiriwa.

Bwana Muhidin, mkuu wetu, alifurahi. "Mzee, imeliwa hiyo. Twende tukanywe chai."

Mzee hakuinuka. "Maji haya yanamjua huyu," alisema. "Mgeni hapokewi hivi."



Akaitwa Fridolin, dereva, aliyekuwa ametumwa kuchota Malinyi. "Barabara ilikatika, baba," alisema. "Nikachota mfereji wa Katindiuka, hapa karibu. Si maji tu?"

Kumbe Katindiuka wauzaji walishaijaribu dawa hiyo mashambani msimu uliopita. Vijidudu vya pale vilikwisha kuizoea. Vya Malinyi havijawahi kuionja. Bwana Muhidin alivua miwani. "Mwageni," alisema. "Tunaanza upya."

"Fridolin," Mzee akasema, "wewe ukitumwa padri utaleta katekista."

Barabara ilipokauka tulikwenda Malinyi, mimi na Mzee. Digna mwenyewe alituonyesha pa kuchota. "Baba, haya maji mnakwenda kuyafanya nini?"

"Tunakwenda kuyauliza, mwanangu."

Chupa mpya zilifungwa tarehe 13 Juni. Ya chakula imepanda vizuri, kwa hiyo vijidudu ni vizima. Ya dawa haijasogea. Vimo mle ndani pamoja nayo, gizani, na havitaki kuigusa. Jana nilimkuta Mzee ameweka sikio kwenye kioo, kama mtu anayesikiliza nyumba iliyofungwa kwa ndani. 

Mzee Dionisi, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi yako, na zaidi kwa siku ile uliyokataa kwenda kunywa chai. Tunakuombea afya, mavuno ya kutosha na usingizi mtulivu huko Uchindile.

Kesho anapanda treni. Kampuni inataka jibu kabla ya msimu wa kupanda, naye ameomba chupa ile isiguswe mpaka awepo. Anatarajia kurudi Ijumaa tarehe 11 Julai, wiki nne zitakapotimia, tuifungue, kisha aende Malinyi kumwambia Digna kwa kinywa chake maji yamejibu nini.