Uso wa Mume Wangu Kwenye Kijipicha cha Gemu

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mke wa marehemu, sauti ikinikatika mnivumilie, historia yenyewe si ndefu kwa sababu maisha yenyewe hayakuwa marefu.

Marehemu, ambaye tangu utotoni mlimwita Macho, alizaliwa tarehe 9 Machi 1994, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya baba yake, mwandishi wa mabango, akiwa kitinda mimba, na baba mkwe ndiye aliyemfundisha kwamba bango huandikiwa anayepita mbio, si aliyesimama. Alianza shule ya msingi mwaka 2001, akamaliza sekondari Novemba 2012, hesabu zilimpiga chenga lakini matangazo yote ya shule yalikuwa mkono wake, kisha akasomea usanifu wa picha chuoni hadi Juni 2015.

Alianzia kazi duka la uchapaji, ndiko tulikojuana, nilipokwenda kugomba kwamba kadi za harusi ya dada yangu zimetoka na bwana harusi wa watu wengine. Tarehe 6 Mei 2019 akaajiriwa kwenye ofisi ya gemu, kutengeneza vijipicha, vile vipicha vidogo vya tangazo vinavyokufanya usimamishe kidole kwenye simu. Gemu yao ni ya mlinzi anayekimbizwa na nyumba anayoilinda, akachora nyumba yenye meno, watu wakapita, akaongeza moto, wakapita, mpaka akajipiga picha mwenyewe, macho yamemtoka, mdomo wazi, mikono kichwani, hapo ndipo watu wakabonyeza, na tangu siku hiyo kila toleo uso ni wake.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2022, tukajaliwa binti tarehe 3 Agosti 2023, na kazi ya baba ikawa mchezo wake, baba anatoa macho, mtoto anapiga makofi, baba anafunga mdomo, anacheka, wanaanza upya.

Oktoba 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamwambia apumzike, naye akasema atapumzika toleo jipya likitoka. Jumatano tarehe 12 Februari 2025, asubuhi, akiwa mezani pake sebuleni, moyo ulimbana, akashika kichwa, macho yakamtoka, mdomo wazi, na mwanetu akapiga makofi, akangoja baba acheke. Alifariki hospitalini mchana wa siku hiyo.

Jana mkuu wake wa kazi alikuja, akauliza kwa heshima kama picha ile ibaki, baba mdogo wa marehemu akajibu ibaki, ni kumbukumbu, mimi nilikuwa ndani namnyonyesha mtoto, sikuulizwa. Leo nimeambiwa nisome yaliyoandikwa tu, nisiongeze chumvi, basi baba mdogo, niwie radhi, haya nayo yameandikwa. Msibani hapa simu ni nyingi, na kila uso ule unapotokea mwanangu anapiga makofi, halafu anangoja, anaitazama simu, ananitazama mimi, nami nimwambie nini? Naogopa atakua anangoja. Naogopa hata kuyasema haya, mtasema mjane huyu ana mdomo, lakini mkuu, upo hapo mbele, nakuomba mbele ya jeneza lake, uondoeni uso huo, mrudishe nyumba yenye meno, aliichora kwa mkono wake na aliipenda kuliko zote, watu wakipita, wapite.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye hadi dakika ya mwisho, jirani yetu fundi viatu aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, mama wa nyumba ya pili ambaye mpaka sasa ananipikia na kunilazimisha kula, na ninyi wenzake wa ofisini mlioacha kazi kutufariji, wengine tusiowataja msidhani tumewasahau.

Baba wa mwanangu, hakuna tena kinachokukimbiza, pumzisha na uso wako, pumzika kwa amani.