Marehemu Kiyoe Iwabuchi na Mwaka wa Arobaini na Mbili

Mheshimiwa mtawa wa hekalu letu, majirani wa Nukazawa, wenzake marehemu wa maktaba, na nyote mliopanda mlima kuja kutufariji, mimi naitwa Yone, ni wifi wa marehemu, dada wa mumewe, na familia imeniomba nisome maisha yake. Karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu, nikisita mahali mnivumilie, herufi nimezijua nikiwa bibi wa karibu miaka sabini.

Marehemu Kiyoe alizaliwa tarehe 14 Februari 1941, mjini Morioka, mtoto wa pili wa mzee aliyekuwa na kiduka cha kuazimisha vitabu kwa malipo, akaanza shule ya msingi Aprili 1947, akamaliza shule ya kati Machi 1956, na hakuendelea mbele kwa sababu baba yake alipata kifua, ikabidi yeye akae dukani. Vitabu vilivyotoka sana siku zile vilikuwa vya kutisha, vya mizimu na laana za koo, naye alivisoma vyote chini ya meza kabla hajavitoa, mteja akikohoa kumkumbusha kwamba anasubiri, anamwambia, ngoja kidogo kaka, bado hajafa.

Hapo ndipo alipokutana na kaka yangu Tamotsu, mtoto wa kwanza wa nyumba ya Iwabuchi, aliyekuwa akishuka mjini kuuza uyoga mkavu, akawa anaazima kitabu na kukichelewesha makusudi ili apate kugombezwa na binti wa dukani, wakaoana hapa Nukazawa tarehe 20 Novemba 1965. Bibi harusi aliingia na masanduku mawili ya vitabu, mama yangu akawaambia majirani kwamba maharusi wa wenzetu huja na kimono, wa kwetu kaja na mizimu.

Siku ya tatu mama akamkalisha akamwambia jambo la nyumba yetu, ambalo wengi wenu mnalijua na mmekuwa na adabu ya kutolitaja mbele yetu, lakini marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe leo. Ni kwamba mwaka mmoja wa njaa, zamani sana, mwanamke mwaguzi, kipofu, mwenye mtoto mgongoni, alibisha lango letu jioni ya theluji, babu yetu mmoja wa kale akamfukuza, akateleza darajani akaenda na maji yeye na mtoto wake, na tangu hapo ikasemwa anangoja chini ya daraja, na kila mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba hii akifika mwaka wake wa arobaini na mbili, ule mwaka ambao sote tunauogopa hata bila laana, yule mama anamchukua. Kinga yake ilikuwa moja, kwamba mwaka huo kamba ya majani ya mpunga ifungwe langoni, chumvi iwekwe, na mwanamume asivuke daraja mpaka mwaka uishe. Marehemu alisikiliza yote akauliza swali moja tu, kwamba huyo mwanamke aliitwa nani, na mama alikasirika, maana hakuna aliyejua wala aliyewahi kuuliza.

Walijaliwa watoto wawili, Minoru aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1967, na Chizuko aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1970, wote wawili wako hapa mbele yenu.

Baba yetu alikufa mwaka 1946 akiwa na arobaini na mbili kwa hesabu yetu ya kizamani, ambayo mtoto akizaliwa tayari ana mmoja na kila mwaka mpya unamwongezea mwingine, nikiwa na miaka sita, nikatolewa nyumbani kwenda kulea watoto wa watu, ndiyo maana shule sikuiona, nikarudi nikiwa mtu mzima. Na mwaka 1978 ukawa wa kaka Tamotsu. Kamba ikafungwa, chumvi ikawekwa, akakaa ndani miezi mitano akitengeneza vikapu, na tarehe 6 Juni, saa tisa mchana, kifua kikambana, akasimama akatoka mwenyewe kwenda langoni, anataka kuvuka kwenda kwa daktari. Mimi nilikuwa langoni. Nilimshika mkono wa kanzu nikamrudisha. Sikumrudisha kwa ubaya, nilikuwa nalia, nilimwambia, kaka, vumilia, imebaki miezi isiyofika saba. Alikufa kwenye mkeka wa sebuleni kabla ya chakula cha jioni, na sote tukasema, mnaona, yule mama amemfuata mpaka ndani.

Mwezi Aprili 1979 marehemu aliajiriwa katika gari la maktaba ya wilaya, lile la kijani lililokuwa likipita vijijini na vitabu, akafanya kazi hiyo hadi Machi 2001 alipostaafu, na kila Agosti, joto likizidi na watu wakitaka kitu cha kuwatia baridi mwilini, aliwasomea hadithi za kutisha katika ukumbi wa kijiji, kazi aliyoiendeleza hata baada ya kustaafu. Mlikuja mkajaa. Fundi Heisaku yule pale alikuwa akimwomba apunguze kidogo, maana kila Agosti inambidi amwamshe mkewe amsindikize chooni, na marehemu akamjibu kwamba mkewe ndiye anayemlipa ili asome za kutisha zaidi, walau mara moja kwa mwaka anahitajika.

Lakini mnakumbuka kwamba akimaliza kusoma hakuwaacha mwende hivihivi, alikuwa anaifungua hadithi. Alisema watu wengi wakisikia hadithi ya laana wanauliza laana imetoka wapi, na hilo si swali baya, lakini yeye anaanza na kinga, anauliza kinga hii inamlinda nani, na inamnyima nani nini. Kuna ile ya chumba kilichobandikwa karatasi za hekalu za kuzuia mizimu mlangoni, bibi harusi mpya anaambiwa asizibandue, kuna kitu kibaya ndani, na siku anapozibandua anakuta chumba kitupu, ila nyuma ya mlango, kwa ndani, kuna karatasi nyingine nyingi zaidi, zimebandikwa na mkono wa mtu aliyekuwa humo. Wote mlishika midomo. Yeye akasema taratibu, sasa mniambie, nani alikuwa anamwogopa nani. Mimi nilikaa nyuma kabisa nikapata baridi isiyokuwa ya hadithi, nikaondoka kabla chai haijagawiwa.

Ukafika mwaka 2008, mwaka wa Minoru. Mama alishakufa, kwa hiyo kamba niliifunga mimi, kama mkubwa wa damu aliyebaki, na Minoru mwenyewe, aliyesoma mpaka chuo na kufundisha hesabu, aliomba likizo ya mwaka mzima shuleni kwake akakaa ndani, alikuwa anacheka tu akisema anamridhisha shangazi, lakini darajani hakusogea. Marehemu alibishana nasi tangu Januari, akachoka, akanyamaza, akawa anahesabu siku.

Tarehe 19 Novemba 2008, saa tatu asubuhi, theluji ya kwanza ikianza kushuka, Minoru akashika kifua. Marehemu akapiga simu, akaambiwa gari la wagonjwa limekwenda upande wa pili wa mlima, tumlete wenyewe mpaka ng'ambo ya daraja tukutane nalo. Funguo za pikapu nilikuwa nazo mimi, ndani ya aproni, nilizichukua mara tu nilipomsikia Minoru akiguna. Naye, jasho linamtoka, alinishika mguu akasema, "Shangazi, usiwaache wanivushe."

Marehemu hakunigombeza. Alipiga magoti mbele yangu, sauti yake ndogo, akasema, "Wifi, leta daftari la ukoo. Mimi sitaligusa. Likisema wote walikufa na arobaini na mbili, mwanangu atabaki hapa na mimi nitakaa kimya."

Mnajua desturi ya nyumba yetu, daftari la waliokufa linakaa ndani ya madhabahu ya wazee, halishikwi na mke aliyeolewa, anashika mtu wa damu, na halifunguliwi ila kukiwa na jina jipya la kuandikwa, tena anaandika mtawa. Yeye aliyekuwa anajua kusoma hakuruhusiwa kulishika, na mimi niliyeruhusiwa sikujua kusoma. Nililileta haraka, maana nilikuwa na hakika. Nikalifungua sakafuni, yeye akawa ananionyesha kwa kidole bila kugusa, huyu ni mtoto wa kwanza, huyu naye ni wa kwanza, soma umri. Nikamwambia asinidhihaki, anajua sijui kusoma. Akasema tarakimu unazijua, kila siku unahesabu uyoga. Na kweli nilizijua.

Nikasoma. Sabini na moja. Kumi na tisa. Sitini na sita. Arobaini na mbili. Hamsini na nane. Themanini. Thelathini. Kisha baba, arobaini na mbili. Kisha kaka, arobaini na mbili. Watu tisa, na waliokufa mwaka huo ni watatu tu. Minoru alikuwa anapumua kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Nikambishia marehemu, nikasema hao waliopona walipona kwa sababu walikaa ndani, hawakuvuka.

Akaniangalia akasema, "Na hawa watatu, wifi, walikuwa wapi?"

Walikuwa ndani. Wawili nilikuwepo mimi mwenyewe, kwenye mkeka uleule. Akasema, "Basi yule mama hajawahi kumkamata mtu hata mmoja. Hakuna aliyempitia pale darajani. Waliokufa tulikuwa nao sisi."

Sitaki kuwadanganya mbele ya mifupa yake, iliyo katika chungu hiki, kwamba niliamini. Sikuamini, lakini zile tarakimu nilikuwa nimezisoma kwa macho yangu, hakunisomea mtu, nikashindwa kuzirudisha zisisomeke. Nikatoa funguo. Tukamburuta Minoru na mkeka wake mpaka kwenye pikapu, kamba ya langoni nikaikata kwa kisu cha uyoga, marehemu akaendesha, mimi nikashika kichwa cha kijana. Katikati ya daraja nilisikia kitoto kikilia chini, kwenye maji, mpaka leo sijui kilikuwa nini, nikafumba macho, na marehemu akapunguza mwendo, katika hali ile, akashusha kioo, akauambia mto, "Mama, tunapita, tuna mgonjwa. Tulikufungia mlango, tulikosa. Tusamehe." Akapandisha kioo akakanyaga mafuta.

Gari la wagonjwa tulilikuta ng'ambo. Minoru alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo siku hiyohiyo, na daktari alipotoka, jambo la kwanza alilouliza ni kama baba na babu yake walikufa ghafla, akatueleza kwamba ugonjwa huo hutembea na damu, si na mwaka, na kwamba angechelewa saa moja tu asingekuwa na cha kufanya.

Baadaye nilimuuliza marehemu kwa nini alimwomba msamaha mtu wa hadithi. Akasema hakuwahi kusema yule mama hayupo, alisema kinga yetu ndiyo ilikuwa mbovu, kwamba tumetumia miaka mia mbili kujificha na hatujatumia hata siku moja kuomba radhi. Mwezi Mei 2009 yeye na Minoru walisimamisha pale darajani sanamu ndogo ya jiwe, mlinzi wa watoto na wasafiri, na kwa kuwa jina la yule mama halijulikani, hawakuandika la kubuni.

Januari mwaka uleule alianza kunifundisha kusoma mezani jikoni, kwa vitabu vya watoto vya kutisha, maana alisema mtu anayeogopa hasinzii, na siku nilipomaliza kitabu kizima peke yangu aliniuliza kinga ilimlinda nani, nikajibu vibaya, akanirudisha ukurasa wa kwanza.

Tarehe 8 Mei 2024 alipimwa akaonekana ana saratani ya kongosho, hakutaka kubaki hospitali, akarudi nyumbani, na miezi ile mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Mwezi Agosti, nikiwa namsomea, niliweka kitabu chini nikamwambia la mwaka 1978, ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu, kwamba Tamotsu alifika langoni na mimi ndiye niliyemrudisha. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Niliwaona, wifi. Nilikuwa dirishani juu. Ningeshuka mngenipisha, nawe unajua. Nilisimama palepale kwa sababu nami niliogopa." Akaongeza kwamba katika vitabu vyote alivyosoma baada ya hapo alikuwa anamtafuta yule mwanamke wa dirishani, amuulize alikuwa analinda nini. Kisha akaniambia niendelee kusoma, tulikuwa pazuri.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 27 Septemba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na wifi mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopanda huku kila wiki bila kulalamikia barabara, majirani mliopika na kufagia theluji yetu miaka yote hata mlipotuogopa, wafanyakazi wenzake wa maktaba mliomletea vitabu mpaka kitandani, na mtawa wetu kwa jina jipya zuri alilompa la kwenda nalo kwa wazee. Jana, mwili ulipokwisha kuchomwa, tuliiokota mifupa yake, mimi na Minoru, vijiti vyake na vyangu vikiwa vimeshika mfupa mmoja kama inavyotakiwa, mkono wake ulikuwa imara, ana miaka hamsini na saba.

Wifi, umemaliza kazi. Pumzika kwa amani.