Hilarión Ticona na Mpaka wa Wila Qullu

Kwa niaba ya ukoo wa Ticona, mimi Zenón, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niwasomee kabla hatujaenda makaburini, nanyi mnivumilie, maana kuna mahali nitaacha walichoandika watoto wake niseme la kwangu.

Marehemu Hilarión Ticona Llusco alizaliwa tarehe 12 Februari 1948 hapa Qutapata, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Anselmo Ticona na mama Petrona Llusco, mwaka ambao mvua ya mawe iliua llama tisa wa baba na mama akajifungua huku paa linavuja.

Alisoma madarasa mawili tu, 1957 na 1958, kisha akatolewa shule achunge alpaka, na ni kwa jasho lake mimi nilifika darasa la sita, yeye shule yake ikawa mlima. Alijua kwamba Wila Qullu, mlima wetu mwekundu, Babu yetu, umejificha nyuma ya Janq'u Nasa ulio mweupe, kwamba kati ya hiyo miwili kuna bonde lenye chemchemi saba na kinamasi ambacho majani yake hayakauki hata Agosti, na kwamba maji ya upande wetu huishia ziwani, ilhali ya upande wa pili hupotelea huko kwenye mabonde ya joto.

Mwaka 1966 alikwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa bati, akarudi mwaka 1973 na mabati ya nyumba na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Tarehe 30 Novemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yangu Basilia Chambi, aliyekaa hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1986 yeye na mkewe wakapewa ukuu wa kijiji kwa zamu ya mwaka mmoja, maana kwetu mtu hashiki ukuu bila mwenzake.

Hapa naiweka karatasi chini.

Agosti ya mwaka huo walikuja wapimaji wa serikali kuchora ramani, shemeji alikuwa na uchungu wa kumzaa binti yao Rufina, kaka hakuweza kumwacha, akanituma mimi. Aliniambia, "Zenón, wapandishe mpaka juu kabisa, kwenye theluji, waione yote miwili, usije ukawaonyesha ukiwa chini." Nikaitikia vizuri, lakini upepo ulikuwa mkali, na huku chini palikuwa na harusi, nasikia kabisa ngoma zimeanza, basi tulipofika kwenye rundo la mawe la njia panda nikasimama. Mhandisi akaniuliza Wila Qullu ni upi, na kwa kuwa hakuna mtu wa hapa anayemnyooshea Babu kidole, nikanyoosha kidevu, naye akatazama mlima wa mbele, akachora. Mimi nilijua kusoma, jamani. Nililiona jina la Wila Qullu limeandikwa juu ya Janq'u Nasa, nikanyamaza, kwa sababu kumsahihisha kungekuwa saa mbili nyingine za kupanda, na mimi nilitaka kucheza. Jioni nikamwambia kaka, "Wameona yote."

Mnajua kilichofuata. Hati yetu ya zamani inasema ardhi yetu inaishia Wila Qullu, ramani ilipotoka mwaka 1989 Wila Qullu ulikuwa umesogezwa mbele, na bonde lote la chemchemi saba likawa la kijiji jirani. Kwenye mkutano wa tarehe 4 Machi mlisema Hilarión amemuuza Babu, mmoja wenu akatania kwamba bila shaka alimpima kwa chupa za pombe, watu wakacheka, na mimi nilikuwa nimekaa palepale natafuna viazi vikavu, macho chini. Alipoulizwa ni nani aliyewaongoza wapimaji, alijibu, "Mwaka ulikuwa wangu, kosa ni langu." Mkamvua joho na mjeledi wa ukuu, ambavyo mkuu hubaki navyo hata zamu yake ikiisha, mkaandika kwamba hatazikwa safu ya juu pamoja na wakuu waliopita, pale ambapo Wila Qullu unachungulia juu ya bega la mweupe, atazikwa chini, ambako hauonekani. Mimi mwaka 2004 mlinipa ukuu, nikaupokea bila haya, na nafasi yangu safu ya juu ipo.

Kikohozi kilimzidia mwaka 2019, Aprili mwaka huu tukampeleka hospitali mjini La Paz, na tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akafariki. Siku mbili kabla aliniambia, "Ulionyesha kwa kidevu, siyo?" Nikasema ndiyo, kaka. Akasema, "Nilijua jioni ileile, viatu vyako havikuwa na theluji." Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hii, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Ulikuwa hujaoa, mjinga wewe. Nani angekupa binti yake?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia tangu Ijumaa, wachimba madini wenzake waliosafiri usiku kucha, na mwalimu aliyetuazima viti. Jumatatu nitakwenda na wakuu wa sasa kwenye ofisi ya ardhi kuandika maelezo yangu kwa jina langu, na sijui kama bonde litarudi.

Ila la leo liko mikononi mwenu. Nawaomba wachimba kaburi wapande safu ya juu, wafungue nafasi yangu, kaka yangu alale pale. Na kaburi mlilokwisha kulichimba kule chini, msilifukie, lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayewasomea.

Pumzika, kaka, kwa amani niliyokunyima.