Marit Tollefsrud na Mianga ya Mshtarii

Marehemu Marit Tollefsrud alizaliwa tarehe 9 Februari 1947, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Decorah, Iowa, akiwa mtoto wa kwanza wa Halvor na Borghild. Baba yake alipenda kusema kwamba Marit aliwahesabu ng'ombe kabla hajajua majina yao.

Alisoma Decorah, kisha Chuo Kikuu cha Iowa, akahitimu fizikia mwaka 1969. Mwaka 1974 aliajiriwa na maabara moja ya Boulder, Colorado, ambako baadaye alichunguza mianga inayowaka kwenye ncha za sayari ya Mshtarii. Wageni walipomuuliza chanzo chake, aliwaeleza taratibu: mwezi mmoja wa sayari ile hutapika gesi za volkano, gesi hugeuka chembe zenye umeme, sumaku ya sayari huzikamata, huzizungusha, na nyingine huzisukuma hadi nchani, zikaigonga hewa ikawaka.

"Hapa duniani mianga kama hiyo inawaka na kuzimika," alisema. "Kule haizimiki."

Tarehe 12 Juni 1976 aliolewa na mwalimu Arvid Sandvik. Walijaliwa binti mmoja, Karin.

Mwaka 2003, chombo cha angani cha maabara yao kikiwa kinaizunguka Mshtarii, wakuu walitaka kishushwe zaidi ili kipige picha za mianga. Jioni hiyo Marit hakugusa chakula.

"Chembe zimeongezeka mara tatu, Arvid."

"Si ndiyo maana mianga imependeza?"

"Hicho ndicho kinachonitisha. Zinazoiwasha ile hewa zitakipiga na chombo."

Kesho yake mkuu wake alimcheka. "Marit, wewe kila kikao unatuletea matanga. Tia sahihi kibali cha kukishusha, mama, tuendelee."

Akatia.

Picha ya kwanza ilikuja na madoa meupe. Ya pili, madoa yalikuwa yamekula nusu. Ya nne ilikuwa nyeupe tupu, kisha chombo kikanyamaza. Hakuna aliyemlaumu. Alifanya kazi hadi 2012, lakini nyumbani kwake hakutundika hata picha moja ya mianga.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Majibu ya vipimo aliyasoma mwenyewe kabla daktari hajaingia, akamwambia Karin, "Novemba." Wiki ya mwisho alimshika mkono mdogo wake Knut, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, akamwambia: "Siku ya maziko usiiruke ile sahihi. Hesabu nilizijua."

Alifariki tarehe 23 Novemba 2021. Arvid alimtangulia mwaka 2017. Ameacha binti yake Karin, mkwewe Dale, wajukuu Annika na Soren, na Knut.

Hatukuiruka, dada. Lala sasa, Mungu akupe amani.