Mzee Wepukhulu na Kifundo Kilichonyooka

Wewe uliyekabidhiwa karatasi hii, nakusihi: isome, ikunje, itie mfukoni, na usimwambie mtu hata neno moja hadi Ijumaa. Tarehe 28 Novemba 2008 Mzee Hesbon Wepukhulu atastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Mlimani, hapa Kitale, kwa miaka thelathini na mmoja. Hajui kwamba kuna sherehe. Alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini alipata fununu kwamba atasifiwa, na siku yenyewe alikuwa kwao Bokoli, upande wa Bungoma, akipalilia maharagwe. Mwenyekiti wetu, Bwana Gicheru, ameniachia mimi siri hii, na ikivuja najua ni nani atakayeulizwa.

Mzee alianza mwaka 1977 kama msimamishaji wa pini. Wasioijua boling waelewe hivi: pini kumi za mbao husimamishwa mwisho wa njia ndefu ya mbao, na mchezaji huviringisha mpira mzito ili aziangushe. Klabu yetu haina mashine, kwa hiyo Mzee aliketi nyuma ya pini kwa miaka sita, akiruka pembeni kila mpira ulipofika. Kutoka kule, anasema, hakuona nyuso za wachezaji bali mikono tu. Akagundua kwamba mpira unaopotoka huwa umeshapotoka kabla haujagusa sakafu, pale kifundo cha mkono kinapolegea.

Alipofanywa msimamizi wa njia, akaanza kufundisha, na somo lake halijabadilika. Kifundo kinyooke, kiganja kikae nyuma ya mpira. Dole gumba litoke kwanza, vidole viwili viuinue mpira kidogo vinapouacha, kisha mkono uendelee mbele kama wa mtu anayetoa salamu. Anayekunja kifundo hufungiwa mwiko wa ugali kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, na hutembea nao hadi chai ya saa nne. Mimi nilifungiwa siku tatu. Niliandika kumbukumbu za mkutano nikiwa nao, na kamati ikausifu mwandiko.

Sheria yake moja tu ndiyo iliyoleta taabu: siku ya mechi, hakuna kusalimiana kwa mkono kabla ya mchezo. Kila mwaka tunacheza na timu ya Bungoma, na watu wa Bungoma hawasalimu kwa haraka. Mkono hushikwa, hutikiswa, wala hauachiliwi hadi watoto, ng'ombe na wakwe wote wawe wameulizwa hali. Mzee aliamini kwamba salamu kumi na nne za namna hiyo, moja kwa kila mchezaji wao, hulegeza kifundo kuliko jembe. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu wao, waliumia zaidi. "Ati pini anazisalimia, sisi watu hatusalimii!" nahodha wao, Mzee Barasa, alilalamika. "Si aseme tu mikono yetu inanuka, bana!"

Mwaka 2006 jambo hilo nusura limpotezee kazi. Tulikuwa tumeshindwa miaka miwili mfululizo, na kamati ikaamua kwamba tukishindwa tena, au mechi isipochezwa, njia ing'olewe na ukumbi ufanywe ghala la mahindi. Mzee angeachishwa kazi miaka miwili kabla ya wakati wake. Asubuhi ya mechi Mzee Barasa akawaketisha wachezaji wake kwenye benchi na kukunja mikono. Bila salamu, hakuna mchezo.

Mzee Wepukhulu akawaamuru wachezaji wake watie mikono mifukoni, akaenda peke yake kusalimia kwa niaba ya wote. Alijibu habari za ng'ombe mara kumi na nne. Mzee Barasa, aliyekuwa wa mwisho, alimshika hadi akaulizia hata paka. Alipoachiliwa, vidole vilikuwa vinatetemeka, naye ndiye aliyepangiwa mpira wa mwisho.

Timu zilikwenda sako kwa bako. Zamu yake ilipofika tulihitaji pini saba ili tushinde. Mzee aliuinua mpira, akaurudisha chini, akamwita Sally Kiptum, mpishi wetu kutoka Kachibora, ambaye kwa miezi minne alikuwa akifanya mazoezi baada ya kuosha vyombo.

"Sally, wewe linda kifundo," alimwambia. "Mpira unajua njia."

Sally akavua aproni. Kifundo hakikuyumba. Pini tisa zikalala, ya kumi ikatikisika, ikakataa kuanguka.

"Hiyo moja mtuachie!" Mzee Barasa akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wageni kwa wenyeji.

Njia ipo hadi leo. Tangu siku ile Mzee amefundisha walimu wa Ndalu, madereva, wauguzi na kwaya moja nzima. Kuanzia Jumatatu Sally ndiye msimamizi, kwa pendekezo la Mzee mwenyewe.

Ijumaa tutamwambia hivi: Mzee wetu, asante kwa kila mkono ulioushika ukaunyoosha. Tunakuombea afya njema, mvua ya wakati, na miaka mingi ya kuketi mbele ya mchezo badala ya nyuma yake.

Timu ya Bungoma inakuja yote. Atakayeweza kumlaza mgeni mmoja anione kabla ya Alhamisi kwenye dirisha dogo karibu na jikoni, aulizie Hillary Kemboi, karani. Tafadhali usipige simu ya ofisi. Mzee ndiye huipokea.