Mita ya Fyuzi na Vidonge vya Sponji

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Wanaosema ilikuwa saa kumi na mbili wamekosea, kwa sababu saa kumi na mbili ndiyo saa ya Sponji kumeza kidonge chake, na wakati huo hakuwa amekimeza bado. Sponji, fundi wa makochi, alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya karakana yake, kikombe cha kahawa mkononi, akipiga miayo. Mwaka mzima sasa alikuwa akitumia dawa za akili, wala hakuwa na la kuficha: kijiwe kizima kilikumbuka wiki ile alipochana makochi ya wateja akiwatafuta ndani yake watu aliowasikia wakimsema. Watu hao walikwisha kunyamaza. Lakini mikono yake ilikuwa imekuwa mizito, na siku hiyo aliamua kulitoa lililokuwa likimkaa rohoni.

— Jamani, nikiviacha hivi vidonge, nguvu zangu si zitarudi?

— Zitarudi mbio! akadakia Fyuzi, fundi umeme.

— Polepole, akasema Gazeti, mstaafu asiyeacha karatasi yenye maandishi impite. Nimesoma kwamba seli za mwili zina vinu vidogo mno, vinaitwa mitokondria. Vinasaga chakula na hewa, vinatoa nguvu. Sasa watafiti wanasema baadhi ya dawa za akili huenda zikavipunguzia kasi vinu hivyo.

— Si ndiyo hapo! akasema Fyuzi.

— Sijamaliza, bwana. Nyingine huenda zikavisaidia. Na ugonjwa wenyewe nao unaweza kuvichosha. Bado wanachunguza.

— Wachunguze nini tena, mzee wangu? Vinu ni jenereta, dawa ni mzigo. Ukiongeza mzigo, taa zinafifia.

— Mimi naona vimegoma, muuza kahawa akatia neno huku akimimina. Vikiona kidonge kinaingia, vinasema: huyu kaajiriwa, sisi tupumzike.

— Kwa hiyo nikiacha, vitarudi kazini? akauliza Sponji.

— Tena kwa hasira! akajibu muuza kahawa. Kazi ya wiki vitaimaliza kwa siku moja. Utashona mpaka makochi usiyoletewa.

— Na kuyachana je? akanong'ona Gazeti.

Wakacheka wote, Sponji akiwa wa kwanza. Kijiwe kile kilikuwa kimejifunza kucheka naye bila kumcheka.

Fyuzi akafungua mkoba wake, akatoa mita ya kupimia umeme.

— Tusibishane. Lete vidole, tuzisome hizo nguvu.

Sponji akavilowesha vidole, akazibana ncha mbili za nyaya. Sindano ya mita ikajikokota kidogo, ikasimama.

— Umeona mwenyewe? Seli zako zimebakiwa na nguvu za kuwashia tochi tu! Vidonge vimekomba kila kitu. Tupa, ndugu yangu. Tupa leo hii.

Maneno Sponji angeweza kuyabishia, lakini sindano ataibishiaje? Akatoa vidonge mfukoni, akaunyoosha mkono kuelekea mtaroni.

Ndipo mkewe, ambaye ndiye mshonaji wa mito na vitambaa, akatokeza mlangoni, uzi ukining'inia shingoni.

— Shikamoo, Mzee Gazeti.

— Marahaba, mwanangu.

— Shemeji Fyuzi, mnamfanyia nini mume wangu?

— Tunampima seli, shemeji. Tazama sindano ilivyolala. Kwa asiyekunywa vidonge ingepanda mpaka huku.

— Na asiyekunywa ni nani hapa?

— Mimi, kwa mfano.

— Wewe ulipata ngapi?

— Mimi sijajipima bado.

— Basi jipime, shemeji.

Akajipima. Sindano ikatikisika, ikaishia chini kuliko ilipoishia kwa Sponji.

— Maskini! muuza kahawa akapiga kelele. Huyu tumzike leo leo!

Sponji akavirudisha vidonge mfukoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema taratibu:

— Lakini mke wangu, kuchoka kweli nachoka. Sisingizii.

— Najua, baba. Si ninakuona? Jumatatu tunakwenda wote kliniki, umweleze daktari kama ulivyowaeleza hawa. Kupunguza au kubadilisha, huyo ndiye anayejua. Hawa wana mita tu.

Saa yake ilipofika, Sponji akameza kidonge kwa maji.

Wapo wanaosimulia kwamba mita ya Fyuzi ilikuwa mbovu. Si kweli, ilikuwa nzima, ila imetengenezwa kwa ajili ya nyaya. Na wasemao kwamba uchovu wa Sponji uliishia pale benchini wamekosea vilevile. Alirudi karakanani akipiga miayo, akapigilia misumari michache pale ambapo zamani angepigilia mingi, akaketi kupumzika. Mkewe akaketi kando yake, wala hakuna aliyemharakisha mwenziwe.