Uvutano Umewagomea Wenzake

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi redio. Anayetaka kukaa katikati sharti awahi, maana pembeni ubao unabinuka. Asubuhi hiyo Pimamaji, fundi vigae, aliwahi lakini akakaa pembeni, kahawa inampoa mkononi. Binti yake anasoma fizikia chuo kikuu. Jana alipiga simu: kapata kazi nzuri benki, ila moyo wake uko kwenye swali moja ambalo huenda likamla miaka na lisijibike. "Baba, ukisema niliache, naliacha." Jibu linatakiwa leo, na Pimamaji roho ilikuwa juu.

— Swali gani hilo la kumnyima mtu kazi? akauliza Besi, mwenye kibanda.

— Anasema ulimwengu una nguvu nne. Umeme na sumaku ni kitu kimoja. Mbili zimejificha ndani ya atomu. Hizo tatu zinasikilizana. Ya nne ni uvutano, huu unaoangusha vigae vyangu. Umewagomea wenzake. Je, ni lazima uunganishwe nao, au uachwe ulivyo?

— Lazima! akadakia Wembe, kinyozi asiyekosa jibu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

— Udhaifu gani, nguvu inayoshika mwezi? akauliza Pimamaji.

Besi akaingia ndani, akatoka na sumaku ya spika mbovu. Akaishusha karibu na msumari uliolala chini. Msumari ukaruka, ta! ukanasa.

— Haya. Dunia nzima inauvutia chini, kisumaku hiki kinaunyakua. Nani mnyonge?

Lo! Miaka yote hiyo mgongo unamuuma Pimamaji kwa kubeba vigae, kumbe aliyemtesa ndiye mnyonge wa ukoo!

— Si nilisema? Wembe akavimba. Zilizaliwa tumbo moja, zikagombea urithi, mdogo akasusa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Ulimwengu ndio mama yake, we Wembe! akasema Besi.

— Wengine wanadai si nguvu kabisa, akasema Pimamaji. Eti ni nafasi yenyewe tuliyomo imepinda.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Wembe. Hiyo imeshakauka, hainyooki tena.

— Basi si ndugu yao, akasema Besi. Ni nyumba wanamoishi. Nani aliita sakafu kwenye kikao cha ukoo? Iacheni!

Pimamaji akakuna kidevu. Alikuwa ameisahau benki.

— Vigae na sakafu si ndugu, alisema. Lakini ukigonga kigae kikalia tupu, ujue chini kuna uwazi. Mimi siwezi kukiacha hivyo. Nitataka kujua kulikoni.

— Samahanini, akasema mama mmoja aliyefuata redio yake, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote. Huyo binti mwenyewe anaonaje? Zinaungana, haziungani?

Wembe akamtazama Besi, Besi akamtazama Pimamaji.

— Sikumuuliza, akasema Pimamaji, na aibu ikamshika. Jana alimuuliza mshahara, nyumba ya kupanga, na atakula nini akikataa kazi. Akatoa simu, akampigia.

— Umeamua, baba?

— Ngoja kwanza. Wewe unaonaje? Ni lazima ziungane?

— Sijui, baba! Binti akacheka. Sauti ilichangamka; Pimamaji hakuisikia hivyo hata mara moja jana walipoongea habari za benki. Sijui kabisa! akarudia binti.

— Basi benki waambie asante, mwanangu. Halafu nieleze tena, taratibu, niko na watu hapa.